Kula na Kura

Msukuma aliyejifunza Kiswahili ukubwani akikuambia anakwenda kupiga kula, usinawe mikono. Anakwenda kupiga kura. Kisukuma hakina R. Kina L, nayo hufanya kazi za wote wawili bila kulalamika mpaka inapokutana na Kiswahili, ambamo kula ni jambo moja na kura ni jingine, ingawa wapo wanasiasa wanaoyaona kuwa ni lilelile. Watani wa Wasukuma wamelitafuna jambo hili hadi limekwisha utamu. Mimi nalirudia kwa sababu ya Wajapani.

Mjapani naye yumo katika mashua hiyo. Lugha yake ina sauti moja tu mahali ambapo Kiingereza kina mbili, na Kiingereza kwa ukorofi wake kimelitenga neno la mchele na neno la chawa kwa sauti hizohizo. Mtu mzima wa Osaka, mhasibu mstaafu au mama aliyemaliza kulea, anajikuta akiwatangazia wenzake kwamba chakula anachokipenda kuliko vyote ni chawa. Wajapani husoma Kiingereza shuleni miaka sita na zaidi, na wengi hutoka wakiijua sarufi vizuri huku kuuliza njia barabarani kukiwashinda. Ndiyo maana wapo wanaorudi kukisoma ukubwani, kwa vikundi, jioni au siku za mapumziko, na baadhi yao hukutana katika kumbi za jamii zinazoitwa kominkan. Kumbi hizo zilianza mwaka 1946, nchi ikiwa bado majivu ya vita, na zikatambuliwa na sheria ya elimu ya jamii ya 1949. Baadhi ya vikundi vimeuweka kando ule mtindo wa kukariri maamkizi, vikachukua mambo yanayowakosesha watu usingizi: wazee wanaofia peke yao majumbani, vijana wasiotaka kuoa, saa za kazi zisizokwisha, mitambo ya nyuklia baada ya yale yaliyotokea Fukushima mwaka 2011. Wanajadili kwa Kiingereza kibovu. Kadiri jambo linavyowauma ndivyo wanavyosahau kuona haya, na Kiingereza kinapanda.

Nilipolisikia jambo hili mara ya kwanza nilidhani ni la mbali. Baadaye nikakumbuka Segese.

Segese ni kata ya Halmashauri ya Msalala, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, upande wa kaskazini wa mji wa Kahama ambako nchi ya pamba na mpunga inakutana na nchi ya dhahabu. Mgodi wa Bulyanhulu, pale Kakola, hauko mbali. Leo Kiswahili kimejaa huku, cha wafanyabiashara na waendesha bodaboda, cha wenye karasha na wanaosubiri mawe yao yasagwe, cha watu waliokuja kutoka kila mkoa kufuata rashi ya dhahabu na wakaoa hapahapa. Lakini mkulima wa eneo hili wa miaka ya 1950 hakuzaliwa ndani ya Kiswahili. Nyumbani kwao palisemwa Kisukuma, au Kinyamwezi, au Kisumbwa, maana Kahama ilikuwa nchi ya Wasumbwa na Wanyamwezi kabla Wasukuma hawajateremka kutoka kaskazini na mifugo yao. Kiswahili alikutana nacho akiwa na ndevu, na namna alivyokutana nacho inafanana sana na ya yule mhasibu wa Osaka. Alikaa na wenzake, akaletewa jambo la kubishania, na alipokuwa katikati ya ubishi lugha ikamwingia.

Jambo la kwanza lilikuwa mizani.

Pamba ya Usukumani ilikuwa ikinunuliwa na wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Asia, na mkulima aliufikisha mzigo wake mbele ya mizani asiyoweza kuisoma. Aliambiwa namba, akalipwa kwa namba hiyo, akaenda zake na shaka yake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia shaka hizo zilianza kukusanyika mahali pamoja. Wakulima wakatafuta namna ya kupima pamba yao wenyewe kabla ya kuiuza, vikundi vikazaliwa, na mwaka 1952 Paul Bomani, kijana aliyekuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza, akavikusanya katika chama cha wakulima cha Jimbo la Ziwa. Kufikia 1955 palikuwa na shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, ambalo miaka michache baadaye lilihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vya Waafrika barani. Vitabu vya historia huishia kwenye tani na viwanda vya kuchambulia pamba. Mimi hunivutia zaidi kile kilichokuwa kikitokea mdomoni mwa mkulima. Ili amkatalie mpimaji alihitaji namba, ratili, senti, stakabadhi, mwanachama, mwenyekiti, akidi. Maneno hayo hayakuwa ya Kisukuma cha babu yake, na hakuyatoa darasani. Aliyatoa mkutanoni, akiwa amekasirika.

Serikali ya kikoloni ililielewa hili vizuri kuliko wengi wetu tunavyolielewa leo. Kuanzia mwishoni mwa 1954 ilizuia matawi ya chama cha TANU katika Jimbo la Ziwa, na zuio hilo likakaa hadi 1958. Katika miaka hiyo mkutano wa ushirika ulikuwa mojawapo ya mahali pachache ambapo watu wazima wengi wangeweza kukaa na kusemezana juu ya mambo yao bila kufukuzwa. Mwaka 1958, watu wa Geita walipokataa baraza la mchanganyiko wa rangi walilopangiwa, waliandamana kwa maelfu, wengine wakatembea hadi Mwanza kumwona mkubwa wa jimbo. Watu waliojifunza kubishana juu ya ratili hawakushindwa kubishana juu ya baraza.

Baada ya Uhuru mambo yalipata mpango, na mpango huleta faida zake na hasara zake. Mwaka 1968 Serikali na UNESCO walianzisha Mwanza mradi wa majaribio wa kisomo kwa mikoa ya Ziwa: Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi ambayo leo ni Kagera. Tukauita kisomo chenye manufaa. Wazo lake lilikuwa jepesi na zuri. Mtu mzima asifundishwe a, e, i, o, u kama mtoto, bali asome pamba kama analima pamba, ndizi kama yuko Bukoba, samaki kama anavua, ng'ombe kama anafuga. Kila somo lianze na mazungumzo juu ya picha au jambo analolijua, ndipo neno litolewe humo, na neno ligawanywe silabi. Pa-mba. Ukulima ukawa mlango wa kalamu, na kalamu ikawa mlango wa Kiswahili, kwa kuwa vitabu vyote vilikuwa kwa Kiswahili, lugha ya kisomo cha Taifa, hata pale ambapo wanakisomo wote na mwalimu wao walikuwa Wasukuma watupu.

Hapa watafiti wa elimu hukunja uso. Wanauliza, kwa haki kabisa, kwa nini mtu afundishwe kusoma kwa lugha ambayo si yake, na wanasema anabebeshwa mizigo miwili kwa safari moja. Nakubali kwamba mizigo ilikuwa miwili. Lakini waliobeba hawakuona kama walivyoona watafiti. Kisukuma walikuwa nacho, hakuna ambaye angewapokonya. Walichokuwa hawana ni lugha ya mizani, ya bwana shamba, ya hakimu na ya redio. Kama wangekwenda ngumbaru, kama lilivyoitwa darasa hilo kwa mzaha na heshima pamoja, wakatoka wanaweza kusoma Kisukuma pekee, wangerudi kwa mpimaji wa pamba wakiwa wageni vilevile. Mwanakisomo wa Kiswahili alikuwa mwanafunzi wa lugha ya pili bila kuitwa hivyo.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka uliofuata TANU ikaazimia ujinga wa kutojua kusoma ufutwe nchini ifikapo mwisho wa 1975, na wilaya chache, Ukerewe na Mafia zikiwamo, zikapewa mtihani wa kutangulia. Usiku vibatari viliwashwa katika madarasa ya shule za msingi, na watu wenye wajukuu wakabana magoti chini ya madawati ya watoto.

Lakini kisomo ni sehemu moja tu ya hadithi, na kwangu si sehemu tamu kuliko zote. Tamu zaidi ni redio.

Mwaka 1941, Wakanada walianza kuwakusanya wakulima wa vijijini majumbani kwa majirani, wasikilize kipindi, wasome kijitabu, wajadili, kisha wafanye kitu. Mtindo huo ukavuka bahari kwa mkono wa UNESCO, ukajaribiwa India mwaka 1956 katika vijiji vya eneo la Poona, kisha ukaja Afrika. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya Dar es Salaam iliuchukua ikauvisha nguo za nyumbani. Mwaka 1969 ilianza kwa vikundi vichache na kampeni ya Kupanga ni Kuchagua, kuhusu Mpango wa Pili wa Miaka Mitano. Mwaka 1970 ikafuata Uchaguzi ni Wako, na nawaombeni mnisamehe, lakini siwezi kuacha kuwafikiria wanakikundi wa Usukumani wakijadili kwa wiki kadhaa umuhimu wa kupiga kula. Mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka kumi ya Uhuru, ikaja Wakati wa Furaha.

Zote hizo zilikuwa mazoezi. Mwaka 1973 likaja shauri lenyewe, Mtu ni Afya. Kwa majuma kumi na mawili watu wapatao milioni mbili walikutana kwa vikundi nchi nzima. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamepitishwa katika mafunzo kwa ngazi, kutoka taifa hadi mkoa, wilaya na kata. Utaratibu wa mkutano ulikuwa uleule kila wiki. Redio Tanzania inasema, watu wanasikiliza. Kisha anayejua kusoma anasoma sehemu ya kijitabu kwa sauti, polepole. Kisha kiongozi anauliza. Wamekatazwa kuhubiri, hawa viongozi, wameagizwa waulize: hapa kwetu malaria inatoka wapi? Maji haya tunayokunywa, nani mwingine anayanywa? Mwisho kikundi kinaamua kitu kimoja cha kufanya kabla ya wiki ijayo. Kufyeka, kufukia madimbwi, kuchemsha maji, kuchimba choo.

Choo ndicho kilichofungua midomo.

Kwa mwandishi wa kijitabu aliyekaa Dar es Salaam choo ni shimo, futi kadhaa, kifuniko, umbali fulani kutoka kisimani. Kijijini choo ni swali la ukoo. Katika jamii nyingi za nchi hii, baba mkwe na mkazamwana hawawezi kutumia choo kimoja, ni aibu isiyosemeka, kwa hiyo boma lenye choo kimoja ni boma ambalo mtu mmoja lazima aende porini. Nani aende? Achimbiwe cha pili? Kwa nguvu ya nani, na kiangazi hiki ardhi ya Shinyanga ikiwa imekauka kama gae? Na watoto wanaohara wanaingia wapi? Mambo haya yalikuwa hayajawahi kusemwa mbele ya watu kwa lugha yoyote. Kuna wepesi wa ajabu katika kulisema jambo la aibu kwa lugha ya pili. Kisukuma kina mama yako ndani yake, Kiswahili hakina. Neno choo kwa Kiswahili lilikuwa neno la redio, la Serikali, la kijitabu, halikumchafua aliyelitamka. Nashuku sana kwamba Wajapani wanaojadili upweke wa wazee wao kwa Kiingereza wanapata nafuu ileile. Kuna yale ambayo huwezi kuyasema kwa lugha uliyonyonyeshewa.

Vyoo vilichimbwa, vingi mno, na sifa za kampeni hiyo zikafika mbali. Budd Hall, mtafiti aliyefanya kazi katika Taasisi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliandika juu yake, na wataalamu wa elimu ya watu wazima katika nchi nyingine wakaisoma Tanzania kama mfano. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Mwaka 1976 wakuu wa elimu ya watu wazima kutoka kila pembe ya dunia walikutana Dar es Salaam kumsikiliza Mwalimu.

Naandika haya kwa fahari, lakini sitaki fahari inifunge macho. Katikati ya miaka hiyohiyo, mwaka 1974, Operesheni Vijiji ilifika Shinyanga. Msukuma alikuwa akiishi kwa kutawanyika, kila boma na mashamba na malisho yake, na sasa akaambiwa ahame akae kwa mistari. Hapo hapakuwa na kipindi cha redio, kijitabu, wala swali la mwisho la kikundi kinaonaje. Palikuwa na lori. Serikali iliyokuwa imemwomba mtu ushauri juu ya choo chake mwaka 1973 haikumwomba ushauri juu ya nyumba yake mwaka mmoja baadaye. Hata kisomo chenyewe mahali pengine kiliota meno, asiyehudhuria akatozwa faini, na ngumbaru ikafanana na kodi. Wanaokumbuka miaka hiyo wanakumbuka yote mawili kwa pumzi moja, na wala hawaoni haja ya kuyapatanisha.

Mtihani wa taifa wa kisomo wa 1975 ulifanywa na watu wapatao milioni 3.8. Jaribu kuiona picha hiyo: mamilioni ya watu wazima wanafanya mtihani, wengine vidole vimekakamaa kwa jembe hata penseli inavunjika. Wakati wa Uhuru robo tatu ya watu wazima walikuwa hawajui kusoma. Kufikia 1986 Serikali ilitangaza kwamba waliobaki hawafiki kumi katika mia. Ukitaka kuishuku takwimu hiyo, ishuku, mtu aliyefaulu hatua ya pili ya kisomo na hakupata kitabu tena alirudi gizani baada ya misimu miwili. Mwanza palikuwa na gazeti la wasomaji wapya, Elimu Haina Mwisho, kwa sababu hiyohiyo. Kisha uchumi ukaanguka, karatasi ikaadimika, mawe ya redio yakawa dhahabu.

Darasa lilizimika. Kusemezana hakukuzimika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe ulipozidi, Kahama hiihii ndiyo iliyozaa sungusungu, watu wazima wakikaa na kuamua wenyewe namna ya kulinda, kuhukumu na kutoza. Na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 katika nchi iliyokuwa imebaki vumbi, ulipata akili ya kurudi kwenye ngitili, malisho ambayo Wasukuma waliyafunga tangu zamani ili nyasi zisubiri kiangazi, na kwenye dagashida, baraza la watu ambalo ndilo lililoamua nani amevunja miiko ya ngitili na atalipa nini. Wataalamu walikuja na Kiswahili cha hifadhi, mmomonyoko, uoto wa asili. Wazee walikuwa na neno moja la Kisukuma lililofanya kazi hizo zote. Safari hii Kiswahili ndicho kilichojifunza: leo ngitili linaandikwa kwenye nyaraka za Serikali bila tafsiri.

Halafu ikaja dhahabu, na dhahabu ilisema Kiingereza.

Wachimbaji wadogo walikuwepo Bulyanhulu kabla ya kampuni. Waliondolewa Agosti 1996, kwa namna ambayo mpaka leo inabishaniwa, na mwaka 2001 mgodi mkubwa ukaanza kuzalisha. Buzwagi, jirani na mji wa Kahama, ukafuata mwaka 2009. Sheria ya Madini ya 1998 ilikuwa kwa Kiingereza na mikataba ilikuwa kwa Kiingereza, tena ya siri. Mkulima aliyekuwa amesoma kijitabu cha pamba silabi kwa silabi, aliyemkatalia mpimaji, sasa alikuwa na mizani nyingine mbele yake ambayo hata mbunge wake hakuruhusiwa kuiona. Mwaka 2007 mbunge Zitto Kabwe alihoji bungeni mkataba wa Buzwagi, uliotiwa saini London, na akasimamishwa ubunge kwa muda kwa sababu ya hoja hiyo. Kelele zilizofuata zilimfanya Rais Kikwete aunde kamati ya kupitia sekta ya madini, na mwenyekiti wake alikuwa Jaji Mark Bomani. Ndiyo, mdogo wake Paul. Kaka alianza na mizani ya pamba, mdogo akakabidhiwa mizani ya dhahabu, na kati yao imepita nusu karne na zaidi.

Mwaka 2017 Kanda ya Ziwa ilipata darasa kubwa kuliko yote, bila mwalimu wala kijitabu. Machi mwaka huo Rais Magufuli alizuia kusafirishwa nje kwa mchanga wa dhahabu kutoka Bulyanhulu na Buzwagi, makontena 277 yakakaa bandarini Dar es Salaam, na kamati mbili za maprofesa, ya Mruma mwezi Mei na ya Osoro mwezi Juni, zikasoma taarifa zao mubashara kwenye televisheni. Ilipofika Julai hakukuwa na kijiwe cha kahawa ambacho hakikuwa na mtaalamu wa makinikia. Neno lenyewe wengi tulikuwa hatujalisikia. Miezi mitatu baadaye mama muuza vitumbua alikuwa anajua kwamba makinikia ni mchanga uliokwisha kuchakatwa ambao ndani yake bado mna dhahabu, shaba na fedha, na alikuwa na maoni juu ya kiasi gani. Tulijifunza mrabaha, ambao kwa dhahabu ulipandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6. Tulijifunza hisa za asilimia 16 zisizofifishwa. Tulipoahidiwa dola milioni 300 za mwanzo, hakuna aliyengoja tafsiri ya Baraza la Kiswahili, zikaitwa kishika uchumba. Unaweza kuwa na mashaka na hesabu za kamati zile, na mimi ninayo mengi. Somo la lugha lilifanikiwa kuliko lolote tulilowahi kuligharamia.

Na vikundi? Vipo, ila havina redio katikati, vina sanduku. Vikundi vya hisa, VICOBA na ndugu zake, vimeenea ukanda huu wote, na ukikaa pembeni ya kimoja utasikia mtindo wa 1973 umehamia kwenye fedha. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Kuna katiba, na katiba husomwa kwa sauti kwa sababu wapo wasiosoma. Kuna hisa, marejesho, riba, mfuko wa jamii. Wanawake ndio wengi, na wanalinganisha riba yao na ile ya mikopo ya mitaani ambayo wenyewe wameibatiza kausha damu, jina ambalo hakuna mchumi angelipata.

Vijana wanataka Kiingereza. Wanakitaka kwa ajili ya ajira ya mgodini, kwa matangazo ya usalama, kwa msimamizi mgeni, na siwezi kuwalaumu. Wanachofundishwa, pale wanapofundishwa, ni maamkizi na majina ya vyombo vya jikoni. Kijana anatoka kazini usiku, amevuta vumbi la karasha kutwa, amekamata zebaki kwa mkono mtupu pale mwaloni wanakochenjulia dhahabu, halafu anakaririshwa namna ya kuagiza chai hotelini. Afadhali angesomeshwa karatasi ya tahadhari ya zebaki, hata kama ni mistari sita, akaigombania na wenzake jioni nzima: je, moshi ninaouvuta ninapochoma ndio huu? Mke wangu anayechoma dhahabu jikoni, naye? Angerudi kesho yake bila kuitwa.

Mimi kama ningepewa kikundi Segese, cha Kiswahili au cha Kiingereza, ningeandika ubaoni namba moja tu: 0.3. Hicho ndicho kiwango cha asilimia cha ushuru wa huduma ambacho kwa miaka mingi makampuni yalitakiwa kulipa kwa halmashauri, na migodi mikubwa haikukifuata tangu mwanzo, maana mikataba ya zamani iliiwekea kiwango cha mkupuo, dola 200,000 kwa mwaka. Kisha ningekaa kimya kama walivyoagizwa wale viongozi 75,000, nikangoja. Najua mzee mmoja angeuliza asilimia hiyo ni ya nini. Kijana angemjibu ni ya faida. Mwingine angekataa: ya mauzo. Wa nyuma angesema si yaleyale? Hapo ndipo ningeanza kuona mikono inanyooka, maana mgodi unaweza kuuza mwaka mzima na bado ukasema haujapata faida, kwa hiyo kati ya neno la kwanza na neno la pili zimo zahanati, na madawati, na barabara ya kwenda Kahama. Mauzo na faida. Wala hayana hata R ya kumtega Msukuma.